Kitabu Chenye Tarehe ya Kurudishwa

Kadi yangu ya kwanza ya maktaba katika nchi ya kigeni niliipata juu ya kilima. Kilima chenyewe kinaitwa Hijiyama, kiko upande wa mashariki wa katikati ya jiji la Hiroshima, na si kirefu, kama mita 70 tu. Unashuka tramu kituo cha Hijiyama-shita, unapanda njia yenye miti ya sakura, jasho linakutoka kidogo, kisha unafika kwenye jengo la kawaida ambalo ungeweza kulipita bila kugeuza shingo. Ndiyo Maktaba ya Manga ya Jiji la Hiroshima. Ilifunguliwa Mei 1997, na ni maktaba ya umma. Maana yake hulipi kitu. Unachagua katuni zako, unaambiwa tarehe ya kuzirudisha, unaondoka nazo.

Nilikuwa na miaka 25, nimekuja kusoma shahada ya uzamili ya historia. Kijapani changu kilikuwa cha kuombea maji. Niliweza kununua tiketi, kuomba radhi na kusema jina langu, basi. Nyaraka nilizotakiwa kuzisoma zilijaa kanji, zile herufi zenye asili ya China, na ukurasa mmoja ulinimalizia jioni nzima. Mwanafunzi mwenzangu aliniona nikihangaika na kamusi akanishauri nisome manga za watoto. Katika manga za watoto, pembeni ya kila kanji huwekwa herufi ndogo zinazoonyesha inavyotamkwa. Huitwa furigana. Kwa mtoto wa darasa la tatu ule ni msaada. Kwa mtu mzima aliyetoka Tanga ulikuwa wokovu.

Nilimuuliza zinauzwa wapi kwa bei nafuu. Akacheka. "Kwa nini ununue? Panda Hijiyama."

Mkutubi niliyemkuta siku ile alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Nilimwambia kwa Kijapani changu cha kuvunjika kwamba nasoma historia. Hakuuliza zaidi. Alinipeleka kwenye rafu, akatoa kitabu kilicholegea mgongo kwa kusomwa, juzuu la kwanza kati ya kumi. *Hadashi no Gen*. Gen Miguu Peku, kama ningeulizwa mimi. Kingo za kurasa zilikuwa zimeingia rangi ya chai kwa vidole vya watu. Nilikipokea kwa mikono miwili kama nilivyoona wenzangu wakifanya, nikakitia haraka kwenye mkoba.

Haraka ile haikuwa ya kuwahi tramu. Ilikuwa aibu, na ina historia yake.

Nilipokuwa darasa la sita, mjomba wangu alikuwa na boksi la majarida ya *Sani* chini ya kitanda. Waliokulia Tanzania watanielewa. Mle ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, na mle ndimo nilimojifunza kusoma kwa kasi, kwa sababu mtu hawezi kucheka kama yuko nyuma ya maneno. Mjomba hakuwa mtu wa kugawa vitu ovyo. Alikuwa na daftari la mistari, na kila aliyechukua jarida aliandikwa jina na siku. Masharti yalikuwa matatu: unanawa mikono, hukunji kona, na Ijumaa jarida liwe limerudi. Watoto wa mtaa mzima tulikuwa mle ndani ya daftari. Maktaba ya mkoa nayo nilikwenda, na niliipenda, lakini huko katuni hazikuwapo. Maktaba ya kwanza iliyoniandika jina ni lile boksi.

Siku moja nilikwenda na *Sani* shuleni. Mwalimu aliikuta ndani ya kitabu cha Jiografia. Aliichana mara mbili, ikawa vipande vinne, akavitupa kwenye kapu mbele ya darasa. Alisema mtoto mwenye akili hasomi picha. Sikuumia kwa maneno yale kama nilivyoumia kwa kufikiria Ijumaa. Nilipomweleza mjomba, hakunigombeza. Alifungua daftari, akatafuta jina langu, akaandika pembeni: *halijarudi*.

Boksi lenyewe halikudumu. Mjomba alipohama, yaliyobaki yaliuzwa kwa kilo kwa mama wa karanga. Kwa wiki kadhaa mtaani kwetu karanga zilifungwa kwa Madenge.

Basi nilibeba fundisho la mwalimu yule hadi chuo kikuu. Nilijua kuzungumza juu ya nyaraka, kumbukumbu na vyanzo. Juu ya katuni sikuzungumza. Ndiyo maana nilificha Gen kwenye mkoba. Na ndiyo maana, nilipoanza kuulizia manga zilifikaje kwenye rafu ya umma, nilishangaa kukuta kwamba Wajapani nao walipita njia ya vipande vinne.

Twende nyuma kidogo. Katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, vitabu vilichapwa kwa mbao zilizochongwa na vilikuwa ghali kwa mtu wa kawaida. Kazi ya kuvifikisha kwa watu ilifanywa na wakodishaji waliovifunga kwa kitambaa, wakavibeba mgongoni kama mzigo wa kuni, wakapita nyumba kwa nyumba. Mwaka 1808 walihesabiwa wakodishaji 656 ndani ya Edo pekee. Walikodisha riwaya, visa vya mapenzi, na vijitabu vyenye majalada ya manjano, aina iliyoanza mwaka 1775, ambamo picha ilijaza ukurasa na maneno yakazunguka miili ya wahusika kama nyuki. Mtu wa leo akivifungua atajua anachokitazama.

Huko Nagoya kulikuwa na duka la kukodisha vitabu lililoitwa Daisō. Lilianza mwaka 1767 likaendelea hadi mwishoni mwa karne ya 19. Lilipofungwa, sehemu kubwa ya vitabu vyake ilinunuliwa na maktaba za serikali na za vyuo vikuu. Fikiria hilo. Vitabu ambavyo waungwana waliviita vya kupotezea muda viliwafikia maprofesa kwa sababu mfanyabiashara mmoja, na wanawe baada yake, walivitunza ili kesho yake wavikodishe tena.

Baada ya Vita vya Pili mambo yalijirudia kwa sura nyingine. Nchi imeungua, watu wana njaa, na vitabu si vya kununua. Vikazuka vibanda vya kukodisha vitabu, vilivyoitwa *kashihon-ya*, maelfu kwa maelfu, kwenye vichochoro na karibu na viwanda. Kwa yeni chache ulichukua kitabu ukakaa nacho siku moja au mbili. Kukawa na wachapishaji, hasa Osaka na Tokyo, waliotengeneza manga kwa ajili ya vibanda hivyo tu, na wasomaji wengi walikuwa vijana wa viwandani na wa madukani, watu walioacha shule mapema wakaanza kazi. Huko ndiko Tatsumi Yoshihiro alikotumia kwa mara ya kwanza, mwaka 1957, neno *gekiga*, ili kutofautisha hadithi zake za watu wazima na vichekesho vya watoto. Huko ndiko Mizuki Shigeru, aliyepoteza mkono wa kushoto vitani, alikochorea mizimu yake kwa mkono uliobaki.

Wakubwa hawakufurahi. Katikati ya miaka ya 1950, hasa mwaka 1955, vyama vya wazazi na walimu viliendesha kampeni dhidi ya vitabu vibaya, na manga ndiyo iliyobanwa zaidi. Kuna mahali zilikusanywa zikachomwa. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mwalimu wangu, nikatambua kwamba hakuwa mtu mbaya wa pekee. Alikuwa na wenzake dunia nzima. Marekani nao walichoma katuni kwenye viwanja vya shule mwaka 1948, miaka mitatu tu baada ya vita.

Hatimaye vibanda vilikufa, lakini si kwa moto. Mwaka 1959 yalianza majarida ya manga ya kila wiki, na televisheni ikaingia majumbani. Ndani ya miaka kumi hivi biashara ya kukodisha ikawa karibu imekwisha. Na vitabu vyake? Maktaba hazikuwa zimevihesabu kuwa vitabu. Vingi vilitupwa.

Isipokuwa kwamba alikuwapo kijana mmoja, Naiki Toshio, aliyefungua kibanda chake cha kukodisha vitabu Tokyo mwaka 1955, akiwa hajatimiza miaka 20. Biashara ilipozama yeye hakuuza kwa kilo. Aliendelea kukusanya, na mwaka 1978 akafungua maktaba ya binafsi ya manga. Mwaka 2009 aliukabidhi mkusanyiko wake, vitabu na majarida zaidi ya laki moja, kwa Chuo Kikuu cha Meiji. Mtafiti anayetaka kujua vijana wa viwandani wa mwaka 1958 walikuwa wakisoma nini sasa ana pa kuanzia. Nilimfikiria mjomba na daftari lake. Kilichowatenganisha si akili wala upendo. Naiki alikuwa na chumba cha kuwekea vitu, mjomba alikuwa na uvungu wa kitanda.

Nirudi kwa Gen.

Juzuu la kwanza nililifungulia ndani ya tramu, kuanzia kulia kwenda kushoto, na nikapitiliza kituo changu. Aliyelichora, Nakazawa Keiji, alizaliwa Hiroshima mwaka 1939. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, alikuwa na miaka sita, yuko kwenye lango la shule yake. Ukuta wa zege ulimkinga. Baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa siku hiyo. Mama yake, aliyekuwa mjamzito, alijifungua siku hiyohiyo, na mtoto hakuishi mwaka. Hayo yote yamo katika hadithi ya Gen, yakiwa yamebadilishwa kidogo tu.

Kilichonishangaza ni uchoraji wake. Nilitarajia huzuni tangu ukurasa wa kwanza. Badala yake nilikuta watoto wenye vichwa vya mviringo wanaopigana, wanaojamba, wanaogombea kiazi kitamu. Gen na mdogo wake wanaimba barabarani wapate senti. Baba anawaonyesha shamba la ngano, anawaambia wawe kama ngano, ambayo hukanyagwa wakati wa baridi lakini huota na kusimama wima. Nilicheka peke yangu na abiria wakanitazama. Kwa hiyo bomu lilipoanguka, liliwaangukia watu ninaowajua. Nyumba inawafunika baba, dada na mdogo, moto unakuja, Gen na mama wanavuta boriti na boriti haisogei. Nyuso ni zilezile za mviringo, mistari ni ileile minene. Nilifunga kitabu nikakaa kituo cha mwisho cha tramu kama dakika kumi kabla ya kurudi.

Kidato cha tatu nilifundishwa Hiroshima kwa sentensi moja, nami niliiandika vizuri kwenye mtihani. Sasa nilikuwa naishi mle ndani ya sentensi. Nilipanda tena Hijiyama kuchukua juzuu la pili, na safari hii nilikitazama kilima kwa jicho jingine. Kilikinga mitaa ya nyuma yake. Danbara, upande wa pili, haikuteketea kama katikati ya jiji. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950, juu ya kilima hikihiki, Wamarekani walijenga kituo cha ABCC cha kuwachunguza walionusurika. Waliwapima, hawakuwatibu. Katika Gen kituo hicho kinachorwa kwa hasira isiyofichwa.

Nakazawa mwenyewe hakutaka kuchora bomu. Akiwa kijana alifanya kazi ya kuchora mabango ya biashara, akahamia Tokyo mwaka 1961, akachora vituko vya kawaida kama wengine. Walionusurika walitengwa, wengi walificha. Kisha mwaka 1966 mama yake alifariki. Kwa desturi ya Kijapani, mwili ukishachomwa ndugu huokota mifupa kwa vijiti na kuiweka chunguni. Wa mama yake haukubakisha mifupa ya kuokota, ila vipande vyeupe kwenye majivu. Alisimulia baadaye kwamba alihisi bomu limemnyang'anya hata mifupa ya mama. Hapo ndipo alipoanza kuchora.

*Hadashi no Gen* ilianza mwaka 1973 katika jarida la kila wiki la wavulana, *Shōnen Jump*, katikati ya hadithi za michezo na vichekesho. Haikukaa huko sana. Ilihamia kwenye majarida madogo, likiwamo la chama cha walimu. Ilianza kutoka kama kitabu mwaka 1975. Halafu likatokea jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike haya: iliingia katika maktaba za shule. Zile shule ambazo zisingeruhusu manga nyingine mlangoni zilikubali Gen kwa sababu ilihusu amani. Nimeuliza wenzangu wa Kijapani, wa umri wangu na wa umri wa mama yangu, na wengi wana kumbukumbu moja: Gen ilikuwa manga pekee, au mojawapo ya chache, katika maktaba ya shule yao. Siku ya mvua, wakati wa mapumziko, waliigombea. Hakuna mwalimu aliyewalazimisha. Walimwendea Gen kwa sababu ya picha, wakatoka na ndoto mbaya, kisha wakarudi kuchukua juzuu linalofuata.

Kitabu cha kiada hupewi nafasi ya kukikataa. Kitabu cha kuazima unakichagua mwenyewe, unatembea nacho, na siku zake zinahesabika. Nadhani ndiyo sababu watoto wale walimkumbuka Gen baada ya kusahau tarehe.

Na ndiyo sababu watu waligombana kuhusu rafu aliyokaa. Mwaka 2012, katika jiji la Matsue, mwananchi mmoja alipeleka ombi kwamba Gen iondolewe katika shule. Malalamiko yalihusu namna ilivyoonyesha historia, hasa picha za askari wa Japani wakiwatendea ukatili watu wa nchi nyingine za Asia. Baraza la jiji lilikataa ombi lile. Hata hivyo, Desemba 2012, ofisi ya elimu ya jiji ikawaomba wakuu wa shule za msingi na za kati wakiweke kitabu hicho ndani, mahali ambapo mwanafunzi hawezi kujichukulia. Nakazawa alifariki mwezi huohuo, tarehe 19.

Habari haikujulikana nchini kote hadi Agosti 2013. Ilipojulikana, kelele zilikuwa kubwa, na tarehe 26 Agosti bodi ya elimu ya Matsue iliifuta amri ile. Sababu waliyoitoa ilikuwa kasoro ya utaratibu. Juu ya hadithi yenyewe hawakutoa hukumu. Gen alirudi kwenye rafu ya wazi. Lakini kuanzia mwaka wa masomo wa 2023 jiji la Hiroshima lenyewe liliondoa sehemu za Gen katika masomo yake ya amani kwa darasa la tatu. Maelezo yalikuwa kwamba watoto wa leo wasingeelewa vizuri baadhi ya matukio: Gen kuimba barabarani apate fedha, na Gen kuiba samaki kwenye bwawa la mtu ili mama yake mgonjwa ale.

Sehemu hiyo ya samaki niliisoma mara tatu. Nimekulia mahali ambapo mtoto yeyote wa miaka minane angeielewa bila furigana.

Angalia ambacho hakikutokea: hakuna aliyeondoa Gen kwenye maktaba ya kilimani. Mkutubi wangu aliendelea kuniletea juzuu baada ya juzuu. Kitabu kinaweza kutoka darasani kikabaki kwenye rafu, na mradi kiko kwenye rafu, mtoto mkaidi atakifikia.

Juzuu la tatu nililisomea jikoni kwenye bweni letu la wanafunzi wa kigeni. Huko nilikuwa na rafiki kutoka Lubumbashi, anayesoma uhandisi. Tulizoeana kwa sababu ya lugha. Alinicheka kwa Kiswahili changu cha pwani, nami nilimcheka kwa cha kwao. Jioni ile alikuwa anasonga ugali wa unga tulioagiza kwa pamoja. Akaja kuchungulia ninachosoma. Aliona uyoga wa moshi umechorwa kurasa mbili nzima. Akanyamaza kidogo.

"Dada, ile majiwe ilitoka kwetu," alisema.

Nilidhani anatania. Hakutania. Babu yake alizaliwa kwenye kambi ya wachimbaji ya kampuni ya Kibelgiji, Union Minière. Kesho yake nilikwenda kuhakikisha, na ilikuwa kama alivyosema. Mgodi uliitwa Shinkolobwe, katika Katanga. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yale hadi ghala moja la Staten Island, New York. Septemba 1942 alikuja afisa wa jeshi la Marekani, Kanali Kenneth Nichols, akayanunua, na mengine yakaendelea kuchimbwa na kusafirishwa. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza bomu la Hiroshima ilitoka huko. Mradi ulikuwa wa siri, kwa hiyo wachimbaji hawakuambiwa jiwe lile ni la kazi gani. Na lugha ya kazi katika kambi zile ilikuwa Kiswahili.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Mimi ni mwanafunzi wa historia na Kiswahili ni lugha yangu ya kwanza. Katika ile sentensi moja ya kidato cha tatu bomu lilitoka angani, halikutoka popote duniani. Katika juzuu kumi za Gen nako sikukuta kisanduku hata kimoja chenye mtu wa Katanga na sururu yake, na simlaumu Nakazawa. Yeye alichora alichokiona akiwa langoni kwa shule yake. Mwenye kuchora upande ule mwingine alipaswa kuwa mmoja wetu, na uchoraji huo ulipaswa kukaa mahali ambapo mtoto wa Lubumbashi au wa Tanga angeweza kuuazima siku ya mvua.

Rafiki yangu alilichukua juzuu lile akaenda nalo chumbani kwake. Kijapani chake kilikuwa kibaya kuliko changu, lakini alilisoma lote. Nililirudisha siku mbili baada ya tarehe, na nikaomba radhi kwa kuinama sana kuliko inavyohitajika.

Juzuu la kumi nilirudisha mwezi Machi, sakura zikiwa bado hazijafumbua. Mkutubi alilipokea, akalifuta jalada kwa kitambaa, akaniuliza kama Tanzania kuna manga. Nilisema zipo, ingawa haziitwi hivyo. Nikamsimulia juu ya Chakubanga wa gazeti la *Uhuru*, juu ya Ndumilakuwili, juu ya Madenge. Nilimchorea Madenge nyuma ya karatasi ya tarehe, vibaya. Alicheka mahali panapostahili kuchekwa. Kisha akauliza swali la kikutubi, bila nia ya kunisumbua:

"Nikitaka kumsoma huyu, nimwazime katika maktaba gani?"

Nilisimama pale na kadi yangu mkononi. Nilifikiria kapu la takataka la darasa la sita na karanga za jioni. Nikamwambia ukweli, kwamba nakala niliyoazima mimi haikurudi.

Jioni ile nilimpigia mjomba simu. Niliuliza hali, nikauliza mvua, kisha nikauliza kama lile daftari bado analo. Kimya kikawa kirefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Akasema analo, liko kwenye begi la vyeti. Kwenye daftari kuna majina yetu yote, tarehe, na namba ya kila toleo tuliyochukua.

Sasa nina orodha. Nimebadilisha mada ya tasnifu, na msimamizi wangu amekubali baada ya kuniuliza mara mbili kama nina uhakika. Likizo ijayo narudi Tanga, kuanza na toleo nililopoteza mimi.